Jinsi ya kutambua ndege na mwaka katika filamu za habari za manowari za Uingereza

Mpwa wangu anatengeneza filamu fupi kuhusu maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, Januari 1964. Alinijia na kipande cha sekunde 40 alichokiokota mtandaoni: manowari ya kubeba ndege, bahari shwari, ndege zinapaa moja baada ya nyingine. "Mjomba, hii ndiyo Centaur iliyokuja Dar es Salaam," akaniambia. Nikakitazama mara moja nikamwambia akitoe. Ndege zilikuwa Sea Fury, ndege za kivita za rafadha, sitaha imenyooka moja kwa moja, na mabawa yamepakwa milia. Ile ilikuwa vita ya Korea, zaidi ya miaka kumi kabla. Tulikaa jioni nzima nikimwonyesha ninavyofanya, na haya ndiyo tuliyopitia.

Hatua ya 1: Anzia kwa wenye mali

British Pathé, kampuni ya filamu za habari, waliweka filamu zao zipatazo 85,000 YouTube mwaka 2014. British Movietone wakafuata 2015. Anzia huko. Andika jina la meli, jina la ndege au maneno Fleet Air Arm, yaani kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Uingereza, maana kwa Kiswahili hutapata kitu. Hifadhi ya Imperial War Museums nayo ni nzuri sana kwa filamu za wakati wa vita.

Vipande vilivyopakiwa upya na watu binafsi mimi sivigusi. Vimekatwa, vimebadilishwa jina, na siku hizi vinatiwa rangi na kompyuta. Rangi hizo ni za kubuni, na katika kazi hii rangi ya ubawa ni ushahidi. Usikubali ushahidi wa kubuni.

Hatua ya 2: Tazama picha moja moja

Tumia kompyuta, si simu. Chagua ubora wa juu kabisa, simamisha video, kisha bonyeza kitufe cha nukta kusogea mbele picha moja, na cha mkato kurudi nyuma. Ukiwa na faili lako mwenyewe, tumia programu ya VLC, kitufe cha E.

Hatua ya 3: Hakikisha picha haijageuzwa

Mnara wa manowari za Uingereza za kubeba ndege uko upande wa kulia ukitazama omo, yaani mbele ya meli. Ukiuona kushoto, ama kamera inatazama tezi, yaani nyuma ya meli, ama picha imegeuzwa. Tafuta namba au herufi yoyote: ikisomeka kinyumenyume, umepata jibu.

Hatua ya 4: Sitaha

Sitaha iliyonyooka ni ya vita kuu ya pili hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wazo la sitaha ya mshazari ni la Waingereza wenyewe, afisa wa jeshi la majini Dennis Cambell, mwaka 1951, na manowari mpya Ark Royal iliingia kazini 1955 ikiwa nayo. Ukimwona mtu amesimama kushoto karibu na tezi, vibao viwili mkononi, akimwongoza rubani anayetua, bado uko kwenye zama za kabla ya kioo cha sitahani cha kuwaongoza marubani wanaotua.

Hatua ya 5: Ndege yenyewe

Nyingi utazijua kwa picha za kawaida. Hizi ndizo zinazochanganya. Swordfish na Albacore zote zina mabawa ya ghorofa mbili na magurudumu yasiyokunjwa, lakini wafanyakazi wa Swordfish wako wazi, upepo unawapiga usoni, na wa Albacore wamefunikwa kwa vioo. Seafire ni Spitfire ya baharini: tafuta kulabu ya kunasia nyaya za sitaha. Sea Venom na Sea Vixen zote zina mikia miwili. Vixen ni kubwa, ina injini mbili, na kioo cha rubani kimekaa upande wa kushoto, si katikati.

Hatua ya 6: Milia

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima miaka iliyopita, kwa hiyo soma polepole.

Milia myeusi na myeupe kwenye mabawa watu wengi huihusisha na majeshi kutua Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Ni kweli, na ndege za jeshi la majini nazo zilipakwa. Lakini ilipakwa tena Korea, 1950 hadi 1953. Na Novemba 1956, kule Suez, Misri, ndege za manowari Eagle, Albion na Bulwark zilipakwa milia ya njano na nyeusi. Filamu za habari nyingi hazina rangi, na njano katika filamu ya namna hiyo huonekana karibu nyeupe. Milia ni mitano, mitatu ya rangi nyepesi na miwili myeusi, Korea vilevile na Suez vilevile. Kwa macho huwezi kuitenganisha.

Mimi nilikuwa na kipande kisicho na sauti, nikaona milia, nikaandika Korea. Kumbe katika sekunde ya mwisho, nyuma ya ndege iliyo mbele, ilikuwapo Sea Hawk, ndege ya jeti. Manowari za Uingereza hazikurusha jeti Korea. Zilirusha Sea Fury, Firefly na Seafire. Kwa hiyo kanuni yangu: milia pamoja na Sea Hawk, Sea Venom au Wyvern ni Suez. Milia pamoja na Sea Fury ni Korea.

Usiamue kwa rafadha peke yake. Wyvern ina rafadha na ni ya Suez. Gannet ina rafadha mbili zinazozunguka kinyume, na bado zilikuwa kazini miaka ya 1970. Hata Centaur ya 1964 ilikuwa na Gannet pamoja na Sea Vixen na helikopta. Kilichoniambia kwamba kipande cha mpwa wangu si cha Centaur ni Sea Fury, milia na sitaha kwa pamoja.

Tena, tazama ndege zote zilizo kwenye picha, hasa zilizoegeshwa nyuma mabawa yamekunjwa. Hizo hazikuchaguliwa na mpiga picha, ndiyo maana naziamini zaidi.

Hatua ya 7: Kila mkato ni kesi yake

Filamu za habari zilitoka mara mbili kwa wiki, na wahariri walichota picha za akiba. Bandari ya Taranto, Italia, ilishambuliwa usiku wa 11 Novemba 1940, na Swordfish 21 kutoka manowari Illustrious. Swordfish unayoiona ikipaa mchana kweupe katika habari hiyo ilipigwa picha siku nyingine. Andika tarehe ya toleo na tarehe ya tukio katika safu mbili tofauti.

Hatua ya 8: Kibali

Kutazama ni bure, kutumia si bure. Omba leseni kabla ya kuhariri. Mpwa wangu sasa anatafuta picha za helikopta zilizowashusha makomando kambi ya Colito, Lugalo ya leo, 25 Januari 1964.