Kujifunza Dashibodi ya Kidijitali kwa Simuleta: Mwongozo kwa Mwanafunzi Rubani wa Lubumbashi

Ndege nyingi ndogo za mafunzo zilizotoka kiwandani katika miaka 20 iliyopita hazina tena safu ya saa za mishale mbele ya rubani, bali zina skrini mbili pana zinazobeba karibu kila taarifa anayoihitaji. Mfano unaofahamika zaidi ni Cessna 172 yenye mfumo wa Garmin G1000, na ndiyo nitakayoitumia katika mwongozo huu, kwa kuwa programu mbili za simuleta zinazotumiwa na watu wengi, X-Plane na Microsoft Flight Simulator, zote zinayo. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetarajia kurusha ndege ya namna hiyo, iwe katika kiwanja cha Luano au katika shule ya nje ya nchi, anaweza kumaliza kazi kubwa akiwa mezani kabla ya kulipia saa yake ya kwanza ya injini. Kwa maoni yangu, hata hivyo, simuleta ya mezani inafaa kwa mambo mawili tu: kuyazoeza macho na vidole mahali kila kitu kilipo, na kufanyia mazoezi hitilafu ambazo mwalimu mwenye busara hawezi kuzisababisha angani. Kutua, uzito wa usukani mkononi na mtikisiko wa ndege inapokaribia kupoteza mnyanyuko ni mambo ya kujifunza ndani ya ndege yenyewe.

Sababu ya kusisitiza mazoezi hayo ipo. Mwaka 2010 bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilitoa utafiti uliolinganisha ndege ndogo za injini moja zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006, zile zenye skrini na zile zenye saa za kawaida. Ndege zenye skrini zilipata ajali chache zaidi kwa ujumla, lakini kiwango chake cha ajali za vifo kilikuwa cha juu zaidi. Bodi hiyo ilitaka marubani wafunzwe mfumo uleule watakaoutumia, na ikapendekeza utolewe mwongozo kuhusu programu za mazoezi ya skrini, zikiwemo zile zisizofikia daraja la simuleta rasmi. Skrini nzuri haimlindi mtu asiyejua itakavyokuwa siku inapozimika.

Vifaa

Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, usukani, pedali za miguu na mpini wa nguvu vinatosha kuanzia. Hakikisha kwamba seti unayonunua ina pia mpini wa mchanganyiko wa mafuta na hewa, kwani kwa mwinuko wa Lubumbashi mpini huo si pambo, kama tutakavyoona. Katika kuchagua programu, anayenunua intaneti kwa mega akumbuke kwamba Microsoft Flight Simulator huvuta picha za ardhi kutoka mtandaoni wakati wa safari, ilhali X-Plane huhifadhi mandhari yake kwenye diski ya kompyuta na hufanya kazi vizuri bila mtandao. Betri ya akiba ya kompyuta ni ya lazima, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi la hitilafu, hitilafu inakuwa ya kweli.

Jambo moja dogo huwasumbua wengi. Kwenye G1000 halisi, kifundo kinachoitwa FMS kina pete mbili: ya nje hukupeleka kutoka kundi moja la kurasa hadi jingine, ya ndani hubadilisha ukurasa au herufi, na ukikibonyeza katikati unaita au unaondoa kishale. Kwa kipanya cha kompyuta mwendo huo ni wa kusuasua, na mwanafunzi huishia kukariri picha badala ya mwendo wa mkono. Ukiweza kupata paneli yenye vifundo vya kuzungusha, ipate. Usipoweza, unganisha pete hizo na vitufe vya usukani, mradi usitegemee kipanya.

Kuipanga skrini kwa hali ya Luano

Fungua ndege ikiwa kwenye maegesho ya Luano, injini ikiwa imezimwa, na ufanye ukaguzi wote kwa kufuata orodha, ukianza na jaribio la betri ya akiba ya ndege. Skrini ya kushoto, PFD, huonyesha upeo (mstari unaoonyesha mkao wa pua na mabawa), mwendo katika ukanda wa kushoto, mwinuko katika ukanda wa kulia, na dira chini. Skrini ya kulia, MFD, huonyesha ramani, na pembeni mwake vipimo vya injini. Mara nyingi programu hufunguka ikiwa imewekwa kwa vipimo vya Kimarekani, yaani shinikizo la hewa kwa inchi za zebaki, ilhali mnara wa Luano utakupa QNH, yaani shinikizo la hewa lililorekebishwa hadi usawa wa bahari, kwa hektopaskali. Bonyeza kitufe cha PFD chini ya skrini, kisha ALT UNIT, kisha HPA. Weka QNH kwenye skrini, halafu uiweke tena kwenye altimita ya akiba iliyo chini katikati ya dashibodi, kwa sababu altimita hiyo hairekebishwi kwa kugusa skrini, na ndiyo utakayoitegemea skrini ikizimika. Zote mbili zinapaswa kusoma karibu na futi 4,295, ambao ndio mwinuko wa kiwanja.

Sasa weka joto la nje kuwa nyuzi 30, kama mchana wa Oktoba kabla ya mvua kushika. Kwa hewa ya kipimo, yaani hali ya wastani ambayo majedwali ya ndege hutumia kama msingi, mwinuko wa Luano ungekuwa na joto la nyuzi 6 au 7. Kwa hiyo hewa yako ina ziada ya nyuzi 23 hivi, na kila nyuzi moja ya ziada huongeza takriban futi 120 kwenye mwinuko ambao mabawa na injini hudhani vipo. Ukijumlisha na mwinuko wa kiwanja, unapata takriban futi 7,000. Kabla ya kuondoka, peleka nguvu hadi mwisho ndege ikiwa imeshikwa kwa breki, kisha vuta mpini wa mchanganyiko taratibu huku ukitazama mizunguko ya injini kwenye MFD mpaka ifike kileleni. Watu waliojifunza simuleta kwenye viwanja vya pwani hulisahau hilo, wakashangaa injini inayokohoa. Wakati ndege inakimbia, tupa jicho moja kwenye kisanduku cha TAS (mwendo halisi wa ndege hewani) chini ya ukanda wa mwendo: unapofika noti 55 (maili za baharini kwa saa) za kunyanyua pua, kisanduku hicho kitakuwa kinasoma kama 61. Tofauti hiyo ndiyo inayorefusha mbio zako ardhini, na hapa unaiona kwa namba bila kukokotoa.

Kuruka kwa pua na nguvu

Kosa la kawaida la wanaoanza na skrini ni kuzikimbiza namba. Ukanda wa mwinuko hutembea futi kwa futi, na mwanafunzi anayeona 6,480 badala ya 6,500 husukuma na kuvuta usukani bila kupumzika. Dawa yake ni kufunika kanda zote mbili kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwenye monita, ubaki na upeo na mizunguko ya injini. Weka mizunguko 2,300, weka pua kwenye alama fulani ya nyuzi, rekebisha trimu (kidhibiti kinachoondoa uzito wa usukani mkononi), subiri, kisha inua karatasi usome mwendo uliopatikana. Andika kwenye daftari. Fanya vivyo hivyo kwa kupanda, kwa kushuka, na kwa mzunguko wa kiwanja flapu zikiwa zimetolewa. Jedwali unalojitengenezea hivyo lina thamani kuliko lile unalopewa, ingawa namba zake utazihakiki upya ndani ya ndege.

Baada ya hapo ondoa karatasi na ujifunze kutumia mstari wa zambarau unaochomoza kwenye ukanda wa mwendo. Mstari huo huonyesha mwendo utakaokuwa nao baada ya sekunde 6 mambo yakiendelea hivyohivyo. Ukipanda kwa noti 74 na mstari ukashuka hadi 66, pua imezidi kuinuka hata kama namba yenyewe bado inapendeza.

Hitilafu

Hapa ndipo simuleta hulipa gharama yake. X-Plane ina ukurasa wa hitilafu unaokuruhusu kuchagua kifaa na kuamua kiharibike lini: papo hapo, kwenye mwinuko fulani, kwenye mwendo fulani, au kwa bahati nasibu. Afadhali mtu mwingine akuchagulie, hata kama ni mdogo wako asiyejua kitu kuhusu ndege, ili usijue kinachokuja.

Anza na PFD kuzimika. Kati ya skrini mbili, chini ya paneli ya sauti, kuna kitufe chekundu. Kikibonyezwa, taarifa za kuruka huhamia kwenye skrini iliyobaki pamoja na vipimo vya injini. Mkono uende pale macho yakiwa kwenye upeo wa akiba, si kwenye kitufe. Kisha haribu kompyuta ya data za hewa: mwendo, mwinuko na kiwango cha kupanda vyote hufunikwa na alama nyekundu za X, lakini upeo unabaki. Kisha haribu kifaa kinachopima mkao wa ndege, kinachoitwa AHRS: safari hii upeo na mwelekeo ndivyo vinavyotoweka, kanda zinabaki, na unageukia upeo wa akiba na dira ya sumaku. Mwanafunzi anapaswa kutaja kwa sauti kilichokufa na kilicho hai kabla hajagusa kitu.

Hitilafu zenye X ni za uungwana, kwa sababu zinajitangaza. Mbaya zaidi ni mrija wa pito, unaopokea hewa ya mbele ili kupima mwendo, ulioziba pamoja na tundu lake la kutolea maji. Panda kutoka Luano kwenda futi 8,500 ukiwa na hitilafu hiyo, uone mwendo unavyoongezeka kadiri unavyopanda, skrini ikiwa safi kabisa bila onyo lolote. Anayeamini namba atainua pua zaidi ili kuupunguza mwendo huo wa uongo, mpaka mabawa yashindwe kumbeba. Kipima mwendo cha akiba hakitamsaidia, kwani kinapata hewa kutoka mrija uleule. Kinachookoa ni lile daftari: pua hii kwa mizunguko hii hutoa mwendo huu. Rudia zoezi hili hadi kutoamini kuwe rahisi.

Kwa alteneta, yaani jenereta ya umeme inayozungushwa na injini, iharibu ukiwa mbali na kiwanja, usome onyo la volti, uzime visivyohitajika na uamue unatua wapi. Betri ya akiba imekusudiwa kukubeba kwa takriban nusu saa. Pima uamuzi wako kwa saa ya mkononi.

Safari ya Kolwezi

Mwisho weka safari nzima, Luano hadi Kolwezi kupitia Likasi, umbali unaokaribia kilomita 240 kwa njia ya moja kwa moja. Ingiza mpango kwenye MFD, kisha uandike mpango huohuo kwenye karatasi. Njiani fuata kanuni ya muda: macho nje kwa sehemu kubwa, ndani kwa sekunde chache. Barabara kuu na mashimo ya migodi vikusaidie kujua ulipo kabla ya kuiuliza ramani. Karibu na Likasi mwalimu apunguze mwonekano hadi kilomita 4, kama moshi wa mioto ya nyika wa Agosti na Septemba, akutake ugeuke. Kabla ya kufuata sindano yoyote ya njia kwenye dira ya skrini, tazama rangi yake: zambarau ni GPS, kijani ni redio ya ardhini. Wengi wameshuka kwa uangalifu mkubwa wakifuata sindano isiyokuwa ya njia waliyoidhani.

Saa hizi haziingii kwenye kitabu chako cha saa za kuruka, isipokuwa kifaa chenyewe kimeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, AAC, na mwalimu yupo. Peleka kwa mwalimu wako daftari la pua na nguvu pamoja na orodha ya hitilafu zilizokushinda, umwombe aanze somo la ndege na zile mbili ulizozikosea mara nyingi.