Namna ya Kujifunza Usasaleo kwa Kuanzia na Kazi Zenyewe

Anayetaka kujifunza usasaleo, mkondo wa fikra na sanaa unaoitwa postmodernism kwa Kiingereza, kwa kawaida huanza kutafuta fasili, na hapo ndipo anapokwama, kwa kuwa wanazuoni wenyewe hawajakubaliana juu ya maana yake. Ni afadhali kuanza na kazi moja fupi, uisome au uitazame kwa makini, kisha uiulize: ni nani anayesimulia hapa, na anataka niamini nini? Swali hilo linafaa riwaya, taarifa ya habari, hotuba ya kisiasa na hata filamu.

Kwa upande wa nadharia, jambo moja linatosha kuanzia. Mwaka 1979 mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard alichapisha ripoti kuhusu hali ya maarifa, aliyokuwa ameombwa na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec. Humo aliueleza usasaleo kuwa ni kutoyaamini masimulizi makuu, yaani yale masimulizi mapana, kama vile la ukombozi wa binadamu wote, ambayo kwayo jamii huhalalisha elimu na mamlaka yake.

Katika fasihi, soma hadithi fupi ya mwandishi wa Argentina Jorge Luis Borges ya mwaka 1939 kuhusu Pierre Menard, mwandishi wa kubuni anayeazimia kuandika upya sehemu za Don Quijote, riwaya ya Mhispania Miguel de Cervantes, si kwa kuzinakili, bali kwa kuzitunga mwenyewe neno kwa neno. Msimulizi analinganisha sentensi ya Cervantes na ya Menard, ambazo hazitofautiani hata kwa herufi moja, kisha anadai kwamba ile ya kwanza ni sifa tupu kwa historia, ilhali ya pili ni wazo la kustaajabisha kwa mtu wa zama za mwanafalsafa William James. Hapo utacheka, na ni vyema ucheke, lakini usiishie kwenye kicheko. Chukua aya yoyote unayoipenda, uisome mara mbili, mara ya pili ukijifanya imeandikwa na mtu mwingine wa karne nyingine, na uandike kila neno ambalo maana yake imebadilika. Ukimaliza zoezi hilo utakuwa umeonja mwingilianomatini (namna matini moja inavyojengwa juu ya nyingine) na suala la mamlaka ya mwandishi kabla ya kuyasoma kwa mtaalamu yeyote.

Katika Kiswahili, jaribu Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi au Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila. Wasomaji wengi hukimbilia kufumbua kila ishara kana kwamba riwaya ni kitendawili chenye jibu moja. Weka alama, badala yake, mahali ambapo masimulizi yanakunyima uhakika, na ujiulize ulikuwa ukitarajia nini pale.

Kwa vyombo vya habari, mfano unaofaa ni makala tatu za mwanafikra Mfaransa Jean Baudrillard za mwaka 1991 kuhusu Vita vya Ghuba, vita vya Marekani na washirika wake dhidi ya Iraq. Ya kwanza ilitangulia vita na kudai kwamba havitatokea. Ya mwisho, baada ya mapigano, ilidai kwamba havikutokea. Wengi wamemshutumu kuwa alikana vifo, jambo ambalo hakulifanya. Hoja yake ilihusu namna vita hivyo vilivyopangwa na kuoneshwa kwenye skrini hata picha ikachukua nafasi ya tukio. Iwapo hoja hiyo inawatendea haki waliouawa ni mjadala mwingine, na mimi naona haiwatendei. Pima mwenyewe kwa kutazama taarifa moja ya vita bila sauti, ukiandika kamera ilipo, inachokionesha na isichokionesha.

Mpaka huohuo ndio wa kuulinda katika siasa. Kulihoji simulizi la taifa, kwa kuuliza nani ameachwa nje yake, si sawa na kukana kwamba tukio fulani lilitokea. Mwanafunzi asiyetenganisha mambo hayo mawili ataishia kuutetea uongo kwa msamiati wa kifalsafa.

Katika sanaa na utamaduni pendwa, mwongozo mzuri ni insha ya mhakiki Mmarekani Fredric Jameson ya mwaka 1984. Yeye hakuwa shabiki wa usasaleo. Aliutazama kwa jicho la Kimarx kama mantiki ya utamaduni wa ubepari wa zama hizi. Analinganisha picha ya viatu vikuukuu iliyochorwa na Vincent van Gogh na viatu vinavyometameta vya msanii Mmarekani Andy Warhol. Katika vile vya kwanza unaweza kuyakisia maisha ya kazi na udongo yaliyovichakaza. Vile vya pili havikupi ulimwengu wowote nyuma yake. Weka picha hizo mbili kando kwa kando kabla ya kuisoma insha, uandike unachokiona, kisha uone kama Jameson anakushawishi.

Mwisho, soma wapinzani. Mwaka 1994 mwanafizikia Alan Sokal alilipelekea Social Text, jarida la Marekani la taaluma za utamaduni, makala iliyojaa upuuzi wa makusudi kuhusu fizikia, ikachapishwa mwaka 1996, naye akafichua mzaha huo mara moja. Isome pamoja na ufafanuzi wake, ukitenganisha kinachothibitishwa, yaani uzembe wa wahariri wa jarida moja, na kile ambacho mashabiki wake wamekiongeza baadaye.