Kumpunguzia mzee dawa bila kumuumiza: ninavyofanya hapa Moshi

Tabibu mgeni kituoni kwetu aliniomba nimwandikie haya baada ya sisi wawili kumshughulikia bibi mmoja wa Kibosho mwenye dawa aina tisa. Ni kwa wahudumu. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 1. Aje na dawa zenyewe, usiridhike na faili. Bibi alifungua fundo la kanga, vikatoka vibahasha vya maduka matatu, vingine vimeandikwa 1x2 tu, jina hakuna. Humo ndimo tulimokuta diklofenaki ya mgongo, inayopandisha presha ileile tunayoitibu na kuchosha figo. Mwulize pia dawa za kuchemsha, bila kumkaripia, la sivyo atakuficha.

Hatua ya 2. Tafuta dawa iliyozaa dawa. Amlodipini ya presha, miligramu 10, ilimvimbisha miguu, akaandikiwa furosemidi ya kukojosha. Furosemidi aliimeza jioni, ikamwamsha usiku kucha kukojoa, akapewa diazepamu alale. Tulipohakikisha moyo na figo havina tatizo, tulianza na mzizi: amlodipini ikashuka hadi 5.

Hatua ya 3. Ondoa moja tu kwa wakati. Hapa niliwahi kuumbuka. Miaka ya nyuma nilimsimamishia mzee mmoja atenololi ya presha na moyo, na omeprazoli ya asidi ya tumbo, siku moja, nikajiona hodari. Siku ya nne akaletwa usiku ameshika kifua. Je, ni moyo uliokatiwa atenololi ghafla, au ni asidi, ambayo hufurika ukiacha omeprazoli ya miezi mingi kwa mkupuo? Tulihangaika naye hadi alfajiri.

Tangu hapo kila dawa naipa wiki mbili hadi nne kabla ya kugusa nyingine. Atenololi na ndugu yake propranololi hushushwa kidogo kidogo. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, iliyozidi wiki tatu, vilevile. Diazepamu napunguza robo kila wiki mbili, na akianza kutetemeka au kukosa usingizi kabisa, nasimama hapo hapo. Omeprazoli naruka siku, kiungulia nakituliza kwa magnesiamu; ila aliyewahi kutokwa damu tumboni, au anayetumia aspirini, namwachia. Dawa za kifafa sigusi, natoa rufaa. Kidonge kisicho na mstari usikikate kabla ya kuhakikisha kinakatika: vingine vimetengenezwa kutoa dawa taratibu.

Hatua ya 4. Andika kwenye kaunta buku na kwenye kadi ya mgonjwa: dawa, tarehe, sababu. Programu za simu sizipendi, umeme ukikatika na simu imezima unabaki kukisia. Vidonge vilivyosimamishwa vibaki kituoni, vikirudi nyumbani vitamezwa.

Hatua ya 5. Baada ya wiki mbili pima presha, amekaa kisha amesimama.

Bibi sasa ana dawa tano na viatu vinamwingia. Robo ya mwisho ya diazepamu hajaiachia. "Mjukuu wangu, hiyo niachie ya usiku wa mvua, bati linapiga kelele." Tumekubaliana tuongee tena masika yakiisha.