Kutunza ngozi ya utu uzima katika ukavu wa Dodoma, hatua kwa hatua

Mwezi wa sita ukiingia, kina mama wanaokuja kwangu huja na lalamiko lile lile: "Mwenzangu, napaka mafuta asubuhi, ikifika saa nne nimeshapauka." Wengi wamevuka miaka 45. Wapo wenyeji wa Bahi, Chamwino na Kongwa, na wapo watumishi waliohama na ofisi zao kutoka Dar es Salaam tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016. Hawa wa pili ndio wanaoteseka zaidi. Ngozi yao ilizoea unyevu wa pwani, na losheni nyepesi iliyowatosha kule, huku haifiki hata mchana.

Nimehudumia ngozi za uso kwa miaka 16, na mimi mwenyewe nina miaka 54. Nikimwuliza mtu anapakaje mafuta, karibu kila mara jibu ni moja: anaoga, anajifuta hadi anakauka, anavaa, anapika chai, ndipo anakumbuka mafuta. Hapo ndipo penye tatizo. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyafungia maji yaliyopo kwenye ngozi yasipeperuke. Ukipaka kwenye ngozi iliyokauka, umefunga mlango wa chumba kitupu.

Umri nao unachangia. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka, ngozi hutoa mafuta yake kidogo, na kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee, hupungua kwa kasi katika miaka mitano ya mwanzo. Ngozi pia hujibadilisha polepole zaidi. Ya kijana huchukua takriban siku 28, ya mtu mzima hupita siku 40. Kwa hiyo usitegemee mabadiliko ndani ya wiki moja. Mimi huwaambia wateja wangu tuonane baada ya miezi miwili.

Hatua ya 1: Ipime ngozi kabla ya kununua chochote

Osha uso kwa maji matupu, jifute taratibu, kaa nusu saa bila kupaka kitu. Ukitabasamu na mashavu yakavuta kama yamefungwa uzi, ngozi inapoteza maji. Kisha pitisha ukucha kidogo kwenye muundi wa mguu. Ukibaki mstari mweupe kama wa chaki, basi hata mwili unahitaji haya yanayofuata, si uso peke yake.

Hatua ya 2: Punguza sabuni, punguza kusugua

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na sabuni ya kipande iko upande wa pili kabisa. Kila ukiosha uso kwa sabuni hiyo unaondoa yale mafuta machache uliyobakiwa nayo. Asubuhi tumia maji matupu ya uvuguvugu. Jioni tumia kisafishaji cha uso kisichotoa povu jingi, au pakaa mafuta ya alizeti kidogo, sugua kwa vidole kama dakika moja, kisha futa kwa kitambaa laini kilicholowa maji ya vuguvugu. Dodoki likae mbali na uso na shingo. Lifae miguu.

Halafu kuna maji yetu. Chungulia ndani ya birika lako la chai uone ule ukoko mweupe. Ni madini ya maji ya visima. Maji ya aina hiyo hukataa kutoa povu, mtu anaongeza sabuni, na mabaki ya sabuni yanaganda kwenye ngozi na kuiwasha. Mimi huchemsha maji usiku, nayaacha yapoe na kutuama, asubuhi nachota kikombe kimoja cha juu kwa kusuuzia uso. Kikombe kimoja kinatosha.

Hatua ya 3: Maji kwanza, mafuta ndani ya dakika tatu

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii.

Chupa ya mafuta ihamie bafuni, au ikae kando ya ndoo. Ukimaliza kuoga, usijifute hadi ukauke. Gusagusa mwili kwa taulo ili matone makubwa tu yaondoke, ngozi ibaki na ubichi. Kisha anza na uso. Mimina matone matatu au manne kiganjani, sugua viganja pamoja mpaka mafuta yapate joto, halafu bonyeza: shavu, shavu, paji, kidevu, na shingo kutoka chini kwenda juu. Usivute ngozi. Utaona inang'aa sana kwa dakika mbili hivi, kisha inatulia. Ikiendelea kung'aa baada ya dakika kumi, umezidisha. Kesho punguza tone moja. Usisahau migongo ya mikono, maana huzeeka mapema kuliko uso na hakuna anayeihurumia.

Mafuta gani? Huku katikati ya nchi tumejaliwa. Alizeti inalimwa kwa wingi Singida na Dodoma, na mafuta yake yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa nje. Nimewahi kuona mtu akinunua kwa bei kubwa mafuta ya zeituni kutoka nje apake usoni, na alizeti aliyonayo jikoni ingemfaa zaidi. Ukinunua kwenye mashine ndogo za kukamua, yaache yatuame siku mbili tatu, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye chupa ya rangi nyeusi au kahawia, mbali na jua.

Mafuta ya mbegu za ubuyu ni mazito kidogo na yanakaa zaidi kwenye ngozi, kwa hiyo mimi huyatumia usiku na kipindi cha upepo, kuanzia Juni hadi Oktoba. Mazuri yana rangi ya dhahabu na harufu hafifu ya njugu. Yakinuka kama kikaango cha juzi, yameshaharibika, hata kama muuzaji anakuapia. Mafuta yoyote mapya yajaribu kwanza kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, subiri siku mbili. Na kama bado unatoka chunusi, yaache mafuta mazito usoni, uyatumie mwilini.

Kwa ngozi iliyokauka sana, weka glisirini chini ya mafuta. Changanya kijiko kimoja cha glisirini na vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya waridi. Paka kidogo ngozi ikiwa na ubichi, kisha mafuta juu yake. Usipake glisirini tupu katika hewa yetu kavu, kwa sababu ikikosa unyevu wa kuvuta kutoka nje itauvuta kutoka ndani ya ngozi yako. Mchanganyiko huo tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na ukifika wiki moja umwage.

Magaga ya visigino yana dawa yake. Loweka miguu dakika kumi, paka mafuta ya mgando kwa wingi, vaa soksi za pamba, lala nazo. Yakiwa sugu, duka la dawa wanauza krimu yenye urea. Nasisitiza ya duka la dawa, kwa sababu kuna watu wameniuliza kama ile ya mbolea inafaa. Haifai kabisa.

Hatua ya 4: Mtindi mara moja kwa wiki

Badala ya kusugua uso kwa sukari au chumvi, ambazo huchubua ngozi iliyoanza kuwa nyembamba, tumia maziwa ya mtindi yasiyo na sukari. Uchachu wake hulegeza ngozi iliyokufa polepole. Vijiko viwili vya mtindi, nusu kijiko cha asali, paka, kaa dakika kumi, suuza, kisha rudi hatua ya 3. Ukihisi kuwashwa, osha mara moja.

Hatua ya 5: Jua la huku si la kuzoea

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Machi na Oktoba jua linapita karibu wima juu ya vichwa vyetu. Baridi ya asubuhi ya Julai inadanganya, kwa sababu mionzi ipo pale pale. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ndiyo maana makunyanzi huchelewa kwetu. Ila kwetu jua huandika kwa mabaka meusi, kwenye mashavu na paji la uso.

Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, tembea na mwavuli au kofia yenye ukingo mpana. Kanga iliyotandwa kichwani ni nzuri, lakini haifuniki mashavu. Losheni ya kukinga jua chagua SPF 30 au zaidi, yaani namba ya nguvu yake ya kuzuia mionzi, na kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya losheni, mmoja kwenye kidole cha shahada na mmoja kwenye cha kati, urefu wa kidole chote. Ukipaka chini ya hapo, namba iliyoandikwa kwenye chupa haina maana. Kama una mabaka, tafuta yenye rangi ya kahawia ndani yake, kwa kuwa ile rangi ya madini ya chuma huzuia pia mwanga wa kawaida unaochochea mabaka. Mafuta ya alizeti au ya ubuyu hayawezi kuchukua nafasi yake, hata uambiwe nini. Na kioo cha gari hakizuii mionzi yote. Nina mteja anayeendesha gari kila siku kwenda Mtumba, na shavu lake la kulia, la upande wa dirisha, lina mabaka mara mbili ya lile la kushoto.

Hatua ya 6: Sahani yako

Mwili hauwezi kutengeneza kolajeni bila protini na vitamini C, na vyote viwili tunavyo hapa hapa.

Anza na ubuyu. Nazungumzia ule unga mweupe wenyewe. Ule wa rangi nyekundu uliopikwa na sukari ni pipi. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi, lakini moto unaiua. Weka vijiko viwili vya unga kwenye glasi ya maji ya kawaida, koroga, acha dakika tano, chuja nyuzi, kunywa pamoja na chakula. Pamoja na chakula ni muhimu, kwa sababu uchachu ule unausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, basi ikae kando kama saa moja baada ya kula.

Kisha mlenda. Nimekula mlenda na ugali wa uwele tangu utotoni, na inanisikitisha kuona familia zikiuacha kama chakula cha shida. Majani yale, pamoja na majani ya kunde, ya maboga na mchicha, yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Yaangalie mambo matatu. Ukikausha mboga za kiangazi, zianike kivulini penye upepo, maana jua kali hufifisha rangi ya kijani na kula vitamini pamoja nayo. Magadi weka chembe tu au acha kabisa, kwa kuwa yanaharibu vitamini C. Na usipike bila mafuta: karanga zilizosagwa au kijiko cha alizeti ndicho kinachofanya vile viini vya vitamini A vipokelewe mwilini.

Karanga zenyewe zichague moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupe, usimpe hata kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na karanga na mahindi ndiko inakopenda kukaa.

Protini iwepo kila mlo: kunde, choroko, maharage, mayai, dagaa, samaki wa Mtera. Kina mama wengi wa umri wangu huwagawia wajukuu vipande na wenyewe kubaki na mchuzi. Bakiza kipande chako. Sukari ipunguze hasa kwenye chai, kwa sababu ikizidi kwenye damu hujishika kwenye kolajeni na kuifanya iwe ngumu. Maji kunywa ya kukata kiu, mkojo uwe na rangi hafifu. Ukinywa lita tano ngozi haitalainika zaidi, itakuamsha usiku tu.

Hatua ya 7: Vya kuacha

Mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini bado zinachanganywa vichochoroni, pamoja na krimu kali za dawa zenye steroidi. Ngozi ya miaka 50 tayari inapungua unene. Steroidi inaimalizia, mishipa inaonekana, na kidonda kidogo hakiponi. Haidrokwinoni ikitumika miaka mingi huacha weusi wa bluu kwenye mashavu ambao ni vigumu mno kuuondoa. Kama unatumia sasa yenye steroidi, usiache ghafla peke yako. Ngozi inaweza kuvimba na kuungua, kwa hiyo mwone daktari wa ngozi akupunguzie taratibu.

Limau pia. Nilikuwa na miaka 30 na kitu nilipopaka limau usoni kufuta baka moja, nikaenda kuanua nguo saa sita mchana. Jioni shavu lilikuwa linawaka, na baada ya siku chache likatoka malengelenge. Baka moja likawa matatu, na yalichukua zaidi ya mwaka kufifia. Maji ya limau yana kemikali inayoamshwa na jua na kuunguza ngozi. Limau liishie kwenye mboga.

Lini uende hospitali

Ngozi ikiwasha mwili mzima bila upele, au ukavu ukija pamoja na uchovu, kiu nyingi au kupungua uzito, pima sukari na homoni za tezi ya shingo (thairoidi) kwanza. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, au alama inayokua na kubadilika rangi, kionekane na daktari. Huenda ni saratani ya ngozi, na kwa ngozi nyeusi hupenda kujificha tusikotazama. Mara moja kwa mwezi, unapopaka mafuta, geuza nyayo uzitazame chini ya mwanga, angalia katikati ya vidole, na uangalie kila ukucha kama kuna mstari mweusi mpya.