Somo: Kubadilishana bidhaa na kazi kwa daftari bila fedha taslimu, hatua kwa hatua

Naandika somo hili kwa kuwa swali la namna ya kuendesha daftari la kubadilishana linaulizwa hapa jukwaani kila wiki, na majibu yangu yametawanyika mahali pengi mno. Atakayeuliza baada ya leo ataelekezwa hapa.

Kubadilishana mali kwa mali, mkono kwa mkono, hukwama mapema. Mchuuzi wa Sahare, hapa Tanga, ana dagaa na anataka baiskeli yake itengenezwe, lakini fundi wa Mabawa leo hana haja ya dagaa. Daftari, yaani kitabu cha kuandika nani ametoa na nani amepokea, huondoa kizuizi hicho, kwa sababu mchuuzi akitengenezewa baiskeli hawi mdaiwa wa fundi, bali anadaiwa na kikundi kizima, naye fundi anakidai kikundi kizima na anaweza kuchukua haki yake kwa yeyote aliyemo. Michael Linton alianzisha mfumo wa namna hii mwaka 1983 katika bonde la Comox nchini Kanada, mahali ambapo watu walikuwa na ujuzi na nguvu za kufanya kazi ila fedha ilikuwa imepungua mikononi mwao, hali ambayo mkazi wa Ngamiani anaielewa bila kuelezwa.

Hatua ya 1. Kusanya watu kati ya 15 na 25 wanaofahamiana, wa mtaa mmoja au mitaa inayopakana.

Hatua ya 2. Kubalianeni kipimo. Sisi tunatumia alama, na alama moja hukadiriwa kuwa sawa na kitu cha shilingi 1,000 kwa bei ya sokoni siku hiyo. Hayo ni makadirio ya thamani tu. Alama haibadilishwi kuwa shilingi, wala shilingi kuwa alama.

Hatua ya 3. Chagueni mwandishi na msaidizi wake, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Hatua ya 4. Andikeni kila mapatano mara mbili: aliyetoa anaongezewa, aliyepokea anapunguziwa. Tuseme fundi baiskeli amebadilisha mnyororo wa mwenye genge kwa alama 8. Fundi ana 8 za kudai, mwenye genge ana deni la 8. Fundi akachukua dagaa wa alama 5 kwa mchuuzi. Sasa fundi anadai 3, mchuuzi anadai 5. Mchuuzi naye akachukua nazi na nyanya za alama 6 gengeni, kwa hiyo ana deni la 1, na deni la mwenye genge limeshuka hadi 2. Jumlisha madai yote, utapata 3. Jumlisha madeni yote, utapata 3. Jumla hizo mbili zisipolingana, mwandishi amekosea mahali, na daftari lisifungwe mpaka kosa lipatikane.

Hatua ya 5. Wekeni mipaka miwili, wa deni na wa madai, wala si mmoja. Nawaomba msiisome hatua hii kwa haraka, kwa kuwa kikundi cha kwanza nilichokiandikia daftari kilivunjikia hapa. Tulikuwa tumewawekea wadaiwa kikomo cha alama 30 na vikao vyetu vyote vilikwenda katika kuwachunga wao, ilhali mwenye kudai hatukumwekea kikomo chochote. Mwezi wa Desemba, kabla ya shule kufunguliwa, fundi cherehani wetu alishona sare za watoto wa karibu kila nyumba iliyokuwa kikundini, akawa na madai makubwa kuliko ya mtu yeyote. Alichohitaji yeye ni mchele, unga na mafuta ya kula, na miongoni mwetu hakukuwa na hata mmoja aliyeuza nafaka. Kazi yake imeshavaliwa na watoto wetu, yeye anaangalia tarakimu daftarini. Akajitoa, na wenye kudai wengine wakamfuata, kwa maana waliona wazi kwamba zamu yao inakuja.

Kwa hiyo: anayefika alama 30 za kudai asiwafanyie tena watu kazi kwa alama mpaka atumie alizonazo, na ni wajibu wa mwandishi kumtafutia cha kuchukua. Tena, msiandikishe fundi wa tatu wa kazi ile ile kabla hamjapata muuza nafaka, mwenye genge na mtu wa samaki. Chakula ndicho kinachozungusha daftari. Msipokuwa nacho, subirini kwanza.

Hatua ya 6. Malighafi kwa shilingi, ufundi kwa alama. Kitambaa, uzi, vipuri na petroli ya mashine ya boti hununuliwa kwa fedha, na fundi hawezi kumlipa mwenye duka kwa alama zenu.

Hatua ya 7. Msichapishe vocha wala karatasi yoyote inayofanana na noti. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 inaipa Benki Kuu peke yake haki ya kutoa noti na sarafu. Jirani zetu wa Mombasa walipotoa vocha za Bangla-Pesa mwaka 2013, waanzilishi wake walikamatwa, na ingawa mashtaka yalifutwa mwaka huo huo, hakuna sababu ya sisi kupita njia hiyo wakati daftari linatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Chumbageni: Mkuu, sijasoma yote. Nikiwa na alama 20 nitapata shilingi ngapi?

Jibu: Hupati shilingi. Soma hatua ya 2.

Mwanachama wa Makorora: Hii haina tofauti na ile michezo ya piramidi iliyowaliza watu. Wa mwanzo watakula, wa mwisho watalia.

Jibu: Katika piramidi mtu hutoa kiingilio, na wa juu hulipwa kwa viingilio vya wa chini. Hapa hakuna kiingilio, hakuna gawio, na kila mwanachama ana haki ya kulifungua daftari na kujumlisha mwenyewe. Hatari ya kweli ipo, nayo ni mtu kuhama na deni. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba deni la namna hiyo hugawanywa kwa wote, ndiyo maana kikomo ni kidogo na tunaanza na watu wanaofahamiana. Ukiwa na hoja juu ya hilo, ilete.

Mwanachama wa Muheza: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa machungwa. Msimu ukifika majirani zangu wote wana machungwa, na kabla ya msimu sina kitu. Je, daftari linanifaa?

Jibu: Marahaba. Linakufaa sana, ila si pamoja na wakulima wenzako pekee. Jiunge na kikundi chenye watu wa mjini, hasa wenye magenge na mama lishe. Kabla ya msimu unapokea palizi na matengenezo ya majembe kwa deni, na wakati wa mavuno unalipa kwa machungwa. Kikao kinaweza kukupandishia kikomo cha deni, mradi mwezi wa kulipa uandikwe daftarini. Usiahidi mavuno yote, kwani bado utahitaji shilingi za ada na matibabu.

Mwanachama wa Pangani: Je, haiwezekani kuhesabu saa badala ya bei, ili saa ya anayelea mgonjwa ilingane na saa ya fundi?

Jibu: Dada, umeuliza jambo zuri. Mfumo huo upo, na nchini Marekani ulienezwa na mwanasheria Edgar Cahn kuanzia miaka ya 1980. Saa ya mtu yeyote ni saa moja. Unafaa mno kwa kulea wagonjwa, kuwafundisha watoto na kuwachotea wazee maji, yaani kazi ambazo sokoni hazina bei inayostahili. Hauwafai wavuvi, kwa sababu mvuvi anaweza kukaa baharini usiku kucha wakati wa kusi akarudi na ndoo tupu. Mnaweza kuwa na madaftari mawili, la saa na la alama, lakini msiyachanganye hesabu.

Mwanachama wa Tongoni: Nyongeza kidogo. Dagaa wapimwe wakiwa wamekauka kabisa, maana wabichi hulemea kwenye mizani na ugomvi huanzia hapo.

Jibu: Ahsante, ni kweli. Na kopo la mchele pia: makopo hutofautiana, mengine yamebonyezwa kitako. Sisi tuna kopo moja lililopakwa rangi nyekundu, linakaa kwa mwandishi, na wanaobishana juu ya kipimo huenda kupimia huko.