Vigari vitatu, nafasi ya sentimita 30: namna ya kufunga breki bila kugongana

Jumamosi nilikaa na vijana wawili barazani kwangu Sakina, Arusha. Wana msafara wa vigari vitatu vinavyojiendesha, mwendo mita 1 kwa sekunde, nafasi ya sentimita 30 kati ya kimoja na kingine. Cha mbele kikisimama ghafla, vya nyuma vinarundikana.

Hatua ya 1. Kila kigari kiwe na ESP32 (kompyuta ndogo yenye redio), sensa ya HC-SR04 mbele (inapima umbali kwa mwangwi wa sauti), na kiende mstari ulionyooka.

Hatua ya 2, breki yenyewe. Hapa ndipo jioni ilipotukuta. Kwa kiendesha mota, yaani chipu inayoipa mota umeme kwa amri ya ESP32, tumia TB6612FNG, achana na L298N: hiyo L298N inapoteza volti nyingi na breki yake ni legevu. Ila programu ya vijana iliandikwa kwa L298N, ambako ukizima IN1 na IN2 (pini za kuchagua mwelekeo) huku ENA (pini ya kuruhusu mota) ikiwa imewashwa, umefunga breki. Kwenye TB6612FNG ukizima pini zote mbili za mwelekeo umeiachia mota huru. Kigari kinaserereka, nawe unalaumu sensa. Washa zote mbili. Kisha hakikisha kwa mkono: pindua kigari, zungusha tairi kwa kidole. Breki ikishika, tairi linakuwa zito, kana kwamba limeingia kwenye ugali. Wala usiizungushe mota kinyume ili kisimame haraka. Inavuta umeme mwingi, volti zinashuka, na ESP32 inaweza kujiwasha upya katikati ya dharura.

Hatua ya 3. Chora mstari wa chaki, pima kila kigari kinasimama baada ya umbali gani. Viwili vilitumia sentimita 25, chenye betri kubwa 40. Hicho kikikaa nyuma, 15 kati ya zile 30 za nafasi zimeshaliwa. Ujumbe wa redio wa kufunga breki ukichelewa milisekunde 100, zinaliwa 10 nyingine. Unabaki na 5. Basi chenye breki dhaifu kitangulie. Malori nayo ni yale yale: kwa kilomita 80 kwa saa, milisekunde 100 ni mita 2.2, na lenye shehena halisimami kama tupu.

Hatua ya 4. Vigari vinaongea kwa ESP-NOW, njia ya redio ya ESP32 isiyohitaji ruta. Ujumbe wake unaotangazwa kwa wote haurudishi uthibitisho wa kupokelewa, kwa hiyo usitegemee neno "simama" peke yake. Cha mbele kitume "niko sawa" kila milisekunde 20. Ukimya ukifika 100, funga breki, na kinachofunga nacho kitangaze ili cha nyuma kijue. Kwenye programu pima muda kwa millis(), kamwe usiweke delay(), maana hiyo inaisimamisha programu ikisubiri. Sensa ibaki mlinzi.

Tuliweka tofali njiani. Vyote vilisimama, na nyuma ya kile kizito rula ilisoma sentimita 34.