Trakti ibaki mfukoni kwanza
Jumamosi nikishuhudia Injili kwenye steji ya bodaboda hapa Malindi nimejifunza hili: usianze na trakti, kile kijikaratasi cha Injili. Msalimie mwendesha boda vizuri, habari za kazi, za nyumbani, kisha uliza, “Ungependa nikuombee jambo gani?” halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Akitaja karo au mtoto mgonjwa, unajua Injili uianzie wapi, naye hajihisi kama anauziwa kitu. Omba papo hapo, sentensi mbili tu, macho wazi (abiria hangoji amina). Akiwa katikati ya wenzake haifai, atageuza mzaha. Mvute kando au umwache. Ijumaa adhuhuri usijaribu kabisa, wengi wanaelekea msikitini. Akikataa, mshukuru, umtakie kazi njema.